Vihusishi vya Kiingereza kwenye barua za ofisi: niliyojifunza nikiwa Dodoma

Barua iliyonifanya nianze kujifunza upya vihusishi vya Kiingereza, yale maneno madogo kama "for", "with" na "by", haikuwa na kosa la tahajia hata moja. Ilipitia mikononi mwa watu watatu ofisini kwetu, hapa Dodoma mjini, na kompyuta haikuipigia mstari mwekundu popote. Ilihusu pampu ya kisima kirefu katika kijiji kimoja wilayani Mpwapwa. Tulitaka kumweleza mfadhili wa ng'ambo kwamba tunaondoa pampu ya zamani na kuweka mpya. Ikaandikwa hivi: "We will substitute the old pump for the new one." Mfadhili akasoma kilichoandikwa, yaani kwamba pampu mpya aliyokwisha kuilipia itatolewa, na ile kuukuu irudishwe mahali pake.

Alisimamisha malipo akataka maelezo, na alikuwa na haki. Fundi wetu alikuwa amekwisha kufika kijijini na gari la kukodi, na gari la kukodi hata likilala bila kutembea, siku zinahesabiwa. Wakati barua pepe zinakwenda na kurudi, kina mama wa kijiji kile waliendelea kufukua mchanga korongoni kutafuta maji kama walivyofanya kiangazi chote. Fedha tulizifidia baadaye. Hao kina mama ndio waliobaki moyoni mwangu.

Kampuni yetu ni ndogo, inachimba na kukarabati visima. Tangu Dodoma ipewe hadhi ya jiji mwaka 2018 na ofisi nyingi kuhamia huku, kazi imeongezeka, na pamoja nayo mikataba, taarifa na barua za Kiingereza. Baada ya mkasa ule bosi aliniita akasema, "Dada, kuanzia leo hakuna karatasi ya Kiingereza itakayotoka hapa bila wewe kuipitia." Mimi ni mtu wa hesabu. Nilichaguliwa kwa sababu nasoma taratibu, basi. Usiku ule sikulala vizuri.

Nilianza na njia ambayo wengi huanza nayo. Nilikwenda duka la stesheneri nikachapishiwa orodha ndefu ya maneno na vihusishi vyake, kutoka A mpaka Z, nikaanza kukariri: kwenye daladala, jikoni, kwenye foleni ya benki. Orodha zile ni rahisi kupata na zinampa mtu moyo kwamba anasoma. Ila nilipokutana na sentensi halisi, orodha haikujitokeza kichwani. "Afraid of", "agree with", "angry with" zote zilikuwa zimelala pamoja kwa kuwa tu zinaanza na herufi moja, hazina uhusiano mwingine wowote. Pesa niliyolipa ilikuwa ndogo, lakini muda ulikwenda, na wasiwasi ukaongezeka. Sishauri mtu aanze hivyo.

Mama ndiye aliyenipeleka kwa jirani yake wa mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma, mwalimu mstaafu aliyefundisha Kiingereza sekondari kwa miaka mingi. Nilikuwa nampitia jioni nikitoka kazini. Ada alikataa. Alikubali sukari na, msimu ukifika, zabibu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Orodha hiyo iweke chini. Niletee barua zenu mlizokwisha kutuma."

Kabla hajazigusa barua, alinipa sentensi moja ya Kiswahili niitafsiri: "Juzi nilisafiri kwa basi, kwa saa mbili, kwa furaha, nikafikia kwa mjomba." Nikaandika, akanihesabia. Kwa basi ni "by". Kwa saa mbili ni "for". Kwa furaha ni "with". Kwa mjomba ni "at". Neno moja la kwetu, maneno manne ya kwao. Halafu akaniuliza mezani, mfukoni na mlangoni. "On", "in", "at", na sisi tuna kiambishi kimoja tu, "-ni", ambacho msikilizaji huelewa mwenyewe kutokana na kitu kinachotajwa.

Kubwa zaidi ni lile alilonionyesha kwenye vitenzi. Kiswahili hakihitaji kihusishi mahali pengi kwa sababu kazi hiyo hufanywa ndani ya kitenzi chenyewe. Tunalipa, na tukitaka kutaja kitu, tunakilipia. Tunaomba, na tunamwombea mtu. Mwingereza hawezi kunyambua hivyo, inabidi aongeze neno: "pay for", "pray for". Na vipo vitenzi vyetu ambavyo havihitaji chochote, kama kusubiri, kusikiliza na kutegemea, ilhali vyake vinahitaji: "wait for", "listen to", "depend on". Kigogo nacho kina mnyambuliko wa namna hiyo. Kwa hiyo mtoto wa Bahi aliyekua na Kigogo nyumbani na Kiswahili shule ya msingi, anaingia kidato cha kwanza, ambako masomo karibu yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, akiwa amezoezwa na lugha mbili kwamba kitenzi kinajitosheleza. Akiandika "I am waiting you", hajakosa akili. Anafuata sheria aliyoijua tangu anyonye. Nilipoelewa hilo, aibu niliyokuwa nayo kwa niaba ya ofisi nzima ilipungua sana, na kichwa kikafunguka.

Ndipo akachukua barua zetu, penseli mkononi. Nilitegemea angeweka alama kila palipokosewa. Aligawa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni makosa yanayosikika vibaya lakini msomaji anaelewa. La pili ni makosa yanayogeuza maana: nani analipa, kipi kinaingia na kipi kinatoka, lini, kiasi gani. Akasema tuanze na la pili, la kwanza litangoja. Huo ndio ushauri ninaoupa uzito kuliko wote kwa mtu yeyote anayeandika Kiingereza cha kazi. Ukijaribu kurekebisha vihusishi vyote kwa pamoja utachoka njiani, na vile vya hatari vitakupita.

Nitaeleza vya hatari kwa kirefu kidogo.

Lile la pampu kwanza. Sisi husema "kubadilisha ya zamani kwa mpya", ya zamani ikitangulia. Kwenye "substitute" pamoja na "for", kinachotangulia ndicho kinachoingia: "substitute the new pump for the old one". Mpangilio ni kinyume kabisa na wetu, na tulipoweka "for" mahali pa "kwa" tukafuata mpangilio wa Kiswahili, tukageuza kazi nzima. Dawa yetu ofisini ni kuliacha neno hilo na kutumia "replace" pamoja na "with": "replace the old pump with a new one". Hapo ya zamani inatangulia kama tulivyozoea, na hakuna wa kuchanganyikiwa.

La pili ni "by" na "until". Kwetu "hadi" hufanya kazi zote mbili. Nitakuwa Kongwa hadi Ijumaa. Taarifa iwe imefika hadi Ijumaa. Kwa Kiingereza, ya kwanza ni jambo linaloendelea mpaka siku hiyo, "I will be in Kongwa until Friday". Ya pili ni jambo linalotakiwa kutokea mara moja, siku hiyo au kabla yake, "Please submit the report by Friday". Rasimu zetu zilikuwa zimejaa "submit until Friday". Jaribio ninalolitumia ni kuuliza: kitendo kinaendelea muda wote, au kinatokea mara moja? Kikiendelea, "until". Kikitokea mara moja, "by".

Kisha kuna hesabu, na hapa nilisimama kwa miguu yangu mwenyewe. Tuseme tangi linavuja lita 500 kwa siku. Ukiandika "reduced by 200 litres", bado zinapotea 300. Ukiandika "reduced to 200 litres", zimebaki 200. Tofauti ni lita mia moja kila siku, na kwenye taarifa ya mradi hilo si jambo dogo. Cha kufurahisha, Kiswahili hapa kinakusaidia moja kwa moja: imepungua kwa ni "by", imepungua hadi ni "to". Tulikuwa tunakosea kwa haraka tu. Siku hizi kila nikikutana na asilimia kwenye rasimu, naisoma sentensi kwa Kiswahili kwanza.

La nne ndilo lililokuwa limeota mizizi zaidi kwetu, kama lilivyo kwenye taarifa nyingi nilizosoma hapa nchini: "resulted to". Kiingereza sanifu hakina hicho. Kina "result in", yaani kusababisha, na "result from", yaani kutokana na. "High pressure resulted in a crack": shinikizo lilileta ufa. "The crack resulted from high pressure": ufa ulitokana na shinikizo. Ukiandika "resulted to", msomaji anabaki kukisia kipi ni chanzo na kipi ni matokeo. Bomba likipasuka ndani ya muda wa dhamana, jibu la swali hilo ndilo linaloamua nani atanunua jingine.

Kuna pia "responsible", ambalo huchukua vihusishi viwili kwa maana mbili. Kamati ya maji ni "responsible for the pump", inaisimamia. Na ni "responsible to the village assembly", inawajibika kwa mkutano mkuu wa kijiji. Kwenye mkataba ukibadilisha hivyo viwili, kamati itaonekana inawajibika kwa pampu. Na "on time" ni kwa wakati uliopangwa, "in time" ni kabla mambo hayajaharibika. Fundi anaweza kuchelewa ratiba na bado akafika "in time" kuokoa injini.

Fungu hilo la hatari lilipotulia ndipo tukarudi kwenye lile jingine, ambalo ni kubwa mno. Hapa mwalimu alinipa swali ambalo naliuliza mpaka leo kabla ya kugusa kihusishi chochote: neno lililotangulia ni kitenzi au ni nomino?

Chukua "discuss". Likiwa kitenzi halitaki kihusishi: "we discussed the budget". Likigeuka nomino linakitaka: "a discussion about the budget". Sisi tunaandika "discuss about" kwa sababu mbili zinazosukuma upande mmoja, kwanza tunajadili kuhusu jambo, pili tumeisikia ile nomino na "about" yake. Ukishaliona hilo, unaliona kila mahali. "We request payment", lakini "our request for payment". "The village lacks water", lakini "a lack of water". "He emphasized safety", lakini "emphasis on safety". "Please answer the letter", lakini "an answer to the letter". Hata "contact": "contact the office", bila chochote, lakini "in contact with the office". Sitasema kwamba nomino huchukua kihusishi na kitenzi hukosa siku zote, maana "depend" na "dependence" vyote viwili vinataka "on". Ila kwa yale maneno ambayo sisi Watanzania tunayaongezea vihusishi visivyotakiwa, swali hili peke yake liliondoa sehemu kubwa ya makosa kwenye rasimu zetu.

Ukoo mmoja wa maneno unaweza pia kutawanyika. "Independent" inakwenda na "of", si "on" kama dada yake "dependent". "Proud" ni "of", "pride" ni "in", na "to pride oneself" ni "on". Hakuna kanuni utakayopewa hapo, na mwalimu hakujifanya kuwa nayo. Alisema maneno kama hayo hujifunzwa moja moja, neno likiwa na kihusishi chake tangu siku ya kwanza, kama ndoo inavyopelekwa kisimani na kamba yake.

Kwa hiyo nikanunua daftari gumu. Siandiki "comply = with". Naandika sentensi nzima itokayo kwenye kazi yetu: "The contractor must comply with the safety rules." Naisoma kwa sauti, kesho yake naisoma tena. Kidogo kidogo sikio likaanza kukataa. Nikisoma "comply to" nasikia kitu kimekwama hata kabla sijajua kwa nini. Sikio hilo linalelewa na sentensi unazozitumia kweli. Ukiwa muuguzi andika za wodini, "suffer from", "die of", "allergic to". Ukiwa mkulima wa alizeti andika za mbegu na bei, "demand for", "a rise in the price".

Kuhusu kamusi, nilipoteza muda kwenye kamusi ndogo za lugha mbili zinazotoa maana tu. Kinachofaa ni kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya wanafunzi wa lugha. Za Oxford, Cambridge na Longman zinasomeka bure mtandaoni. Ukitafuta neno, usiishie kwenye maana. Shuka mpaka kwenye mifano, mara nyingi utaona kihusishi kimewekwa kwa herufi nzito. Kurasa hizo ni maandishi zaidi, hazili bando sana.

Programu za kutafsiri nazo nilizitumia, na bado nazitumia kwa tahadhari. Ukizipa sentensi kamili mara nyingi kihusishi kinakuja sahihi. Ukizipa neno moja moja zitakupa chochote. Jambo ninalokukataza ni kuandika "discuss about" kwenye intaneti na kuhesabu matokeo. Utaona kurasa nyingi mno, ukadhani ni sahihi. Nyingi zimeandikwa na watu kama sisi, waliojifunza Kiingereza juu ya lugha nyingine.

Kuna msaada mmoja mdogo ambao hufanya kazi mara nyingi kiasi cha kufaa kukumbukwa. Maneno mengi rasmi ya Kiingereza yalitoka Kilatini yakiwa na viambishi vyenye maana ya kihusishi. Yanayoanza na "com-", "con-" au "co-" hupenda "with": "comply with", "compare with", "cooperate with". Yenye "ex-" au "ab-" hupenda "from": "exclude from", "exempt from", "absent from". Yenye "in-" hupenda "in": "invest in", "include in", "involve in". Yapo yanayovunja utaratibu huu, "consist of" likiwa la kwanza, kwa hiyo ukibahatisha kwa njia hii, thibitisha kwenye kamusi.

Mdogo wangu alipomaliza chuo hapa hapa Dodoma aliniletea barua yake ya kuomba kazi niisome. Ilianza na "I wish to apply the post". Kwetu kuomba kazi hakuna kihusishi, kwa hiyo nilijua ilikotoka. Kazi ni "apply for", kampuni ni "apply to", na vyote viwili vinaweza kukaa katika barua moja. Tulirekebisha "graduated at" kuwa "graduated from", "good in computers" kuwa "good at", na "interested to the work" kuwa "interested in". Hapo nikamwonyesha jambo linalowaponyoka wengi: kihusishi kikifuatwa na kitenzi, kitenzi hicho hupata "-ing", "interested in working with farmers". Ndiyo maana barua inafungwa kwa "I look forward to hearing from you". Ile "to" ni kihusishi kamili, si ile ya "to hear". Aliitwa kwenye usaili. Siwezi kusema ni kwa sababu ya vihusishi, lakini najua hakuna aliyekwama kwenye mstari wa kwanza.

Sasa niseme kuhusu watu, maana hapa naona uharibifu mkubwa zaidi ya ule wa kwenye karatasi. Katika kikao kimoja na wageni, kijana wetu mmoja kutoka Kondoa alisimama akasema, "Let us discuss about the budget." Mwenzetu akamkatisha palepale: hakuna "about". Wageni waliinamisha macho. Kijana yule hakufungua tena mdomo mpaka kikao kinakwisha, na bajeti ile yeye ndiye aliyeiandaa na kuijua kuliko sisi sote. Maswali ya wageni tuliyajibu kwa kubahatisha. Niliumia sana. "Discuss about" haimpotezi mtu yeyote. Likisemwa kikaoni, liache lipite. Kama ni lazima lirekebishwe, lirekebishwe kwenye muhtasari, na mwenyewe aambiwe pembeni, kwa upole, baada ya chai. Nilimwomba bosi hilo liwe utaratibu wa ofisi na akakubali.

Na usiwe mkali mahali ambapo Waingereza na Wamarekani wenyewe hawakubaliani. Uingereza utasikia "at the weekend", Marekani "on the weekend". Fomu huko Uingereza wana "fill in", Wamarekani hupenda "fill out". Vijana wetu wanavichukua vyote viwili kwenye simu, na vyote viwili ni Kiingereza. Ninachodai ni kimoja tu kwa kila waraka, usianze na hiki ukamalizia na kile. "Different" nalo lina "from" kila mahali, "to" zaidi Uingereza, na "than" zaidi Marekani, na sisi tukaongeza "different with" kutokana na "tofauti na". Hilo la mwisho nalifuta. Kati ya yaliyobaki, barua zetu zinatumia "different from", kwa kuwa mfadhili akiwa London au Chicago atalisoma bila kusita.